Mikao ya Mwili katika Yoga: Kitabu cha Singleton na Fatwa za Wanachuoni

Wanachuoni wa usuli wana kanuni mashuhuri isemayo kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Kanuni hii husomeshwa katika darsa za mwanzo, na pengine kwa sababu hiyo ndiyo husahauliwa mapema. Suala la yoga ni mfano ulio wazi. Masheikh wameulizwa mara nyingi, na majibu yao yametofautiana sana. Wapo waliosema ni haramu moja kwa moja, wapo waliosema ni mazoezi kama kukimbia au kuruka kamba, na wapo waliopita njia ya katikati. Ukiyasoma majibu hayo kwa utulivu utaona kuwa aghlabu hawakutofautiana katika dalili, kwani aya ni zile zile na hadithi ni zile zile. Walichotofautiana ni jambo la historia: mikao hii ya mwili ni nini? Je, ni ibada yenyewe, ni mlango wa ibada, au ni viungo vinavyonyooshwa tu?

Na jambo lenyewe si dogo. Mwanamke wa Kiislamu mwenye maumivu ya mgongo huelekezwa na mtabibu alale kifudifudi kisha anyanyue kifua, mkao ambao vitabu vya yoga huuita wa nyoka. Akiambiwa baadaye na mtu wa dini kwamba amefanya shirki, hapo limetamkwa neno zito mno juu ya Muislamu. Na kijana anayeketi katika ukumbi wa mazoezi, akafumba macho na kurudia tamko asilolijua maana yake kwa kuwa kaambiwa "haya ni mazoezi tu", naye yumo hatarini kwa upande wa pili. Anayetoa fatwa hawezi kumwokoa yeyote kati ya hawa wawili ikiwa hajui anachokizungumzia.

Swali hili la historia lina kitabu chake. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Oxford kilichapisha *Yoga Body* cha mtafiti Mark Singleton, aliyefanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya wasomi, lakini kimesomwa mno nje ya vyuo, na hoja yake imekuwa ikinukuliwa hata na Waislamu wanaotaka kuihalalisha yoga. Kwa hiyo tumeona tukisome kwa jicho la fiqhi, tukipe haki yake, na tuseme pale ambapo watu wamekibebesha yasiyokuwa yake.

Hoja yake kwa ufupi ni hii. Yoga inayofanywa leo katika kumbi za miji mikubwa, ambapo karibu saa nzima huenda katika mikao ya kusimama, kuinama na kujipinda, si jambo la miaka elfu kadhaa kama wasemavyo wanaoiuza. Kwa sura hiyo ilifinyangwa kati ya mwisho wa karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20, India ikiwa chini ya Waingereza, na katika udongo wake mlichanganywa mambo ya Kihindi na mazoezi ya viungo ya Ulaya.

Ushahidi wake anauleta kwa mpangilio mzuri. Anaanza na Vivekananda, yule aliyehutubia mkutano wa dini mjini Chicago mwaka 1893 na kutoa kitabu chake *Raja Yoga* mwaka 1896. Huyu ndiye aliyeipeleka yoga Marekani kwa kishindo, lakini mikao hakuijali. Kwake yoga ilikuwa kazi ya akili na nafsi, na wale waliojishughulisha na kukunja viungo aliwaona wamekosa lengo. Na hakuwa peke yake. Kwa Wahindi wengi wasomi wa zama zile, yogi wa kujipinda alikuwa ombaomba wa njiani anayetisha watu ili apewe senti. Waingereza nao walikuwa na sababu zao za kumchukia, kwani makundi ya watawa wenye silaha yalizurura Bengal, na tangu mwaka 1773 utawala wa Kampuni ya India Mashariki ulianza kuyapiga marufuku.

Basi mikao ilirudije? Singleton anasema ilirudi kwa mlango wa mazoezi ya viungo. Mtindo wa Ling wa Sweden ulikuwa umeenea katika majeshi na skuli. Eugen Sandow, bingwa wa kujenga misuli, alizuru India mwaka 1905 na kupokewa kama mfalme. Chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, kilileta walimu wa michezo. Na Wahindi waliokuwa wakidai uhuru walichoka kuambiwa kwamba taifa lao ni la watu dhaifu, wakataka miili yenye nguvu, na wakaitaka iwe ya kwao. Hapo ndipo Yogendra alipofungua taasisi yake karibu na Bombay mwaka 1918, na Kuvalayananda akafungua yake Lonavla mwaka 1924, akiwapima wanaofanya mikao kwa vyombo vya kitabibu. Tangu hapo mkao wa mwili ukaanza kuzungumza lugha ya afya.

Sura ya mwisho ndiyo iliyokipa kitabu umaarufu. Mwaka 1933 Krishnamacharya alipewa ukumbi katika jumba la Jaganmohan mjini Mysore, chini ya ulinzi wa Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa Nne, afundishe vijana. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni B.K.S. Iyengar, Pattabhi Jois, na yule mwanamke wa Kizungu aliyejiita Indra Devi, ambaye baadaye alifungua darasa Hollywood. Sehemu kubwa ya kumbi za yoga duniani leo, ukiifuata silsila ya walimu wake, inaishia katika chumba kile cha Mysore. Singleton analeta pia mwongozo wa mazoezi wa Niels Bukh wa Denmark, na kusema kwamba mazoezi yasiyopungua 28 ya mwongozo huo yanafanana sana na mikao ya Jois na Iyengar.

Hapa kuna kisa ambacho hatuwezi kukipita. Wafuasi wa Jois husema kwamba mpangilio wa mikao yao umetoka katika kitabu cha kale kiitwacho *Yoga Korunta*. Krishnamacharya alikihifadhi kwa mwalimu wake, kisha nuskha yake ya majani ya mtende ikaonekana Calcutta, na baadaye ikaliwa na sisimizi. Hakuna mwingine awezaye kuionyesha. Msomaji aliyezoea kupekua isnadi atatabasamu. Kitabu kimepokewa na mtu mmoja, kisha nuskha yake pekee inaliwa na wadudu! Lau mtu angepeleka riwaya ya namna hii kwa Yahya bin Ma'in, asingemaliza kuisoma. Singleton anakitaja kisa hiki kwa adabu, hawakejeli wenyewe, na hiyo ni sifa ya kitabu kizima.

Hadi hapo tuko pamoja naye, na sisi tunaye shahidi wa kumuunga mkono, tena mkubwa. Abu Rayhan al-Biruni (362–440 Hijria, yaani 973 hadi takriban 1048 Miladia) hakuandika juu ya India kitabu kimoja tu cha *Tahqiq ma li'l-Hind*. Aliifasiri kwa Kiarabu pia *Yogasutra* ya Patanjali pamoja na sherehe yake, akaiweka katika sura ya maswali na majibu ili msomaji wa Kiislamu aifuate kwa urahisi. Nuskha ya tafsiri hiyo iliokolewa Istanbul, ikagunduliwa na Louis Massignon, na Hellmut Ritter akaihariri mwaka 1956. Kwa hiyo tunacho cha kujua namna mwanachuoni wa Kiislamu wa karne ya tano Hijria alivyoielewa yoga, baada ya kujifunza Kisanskriti na kukaa na wasomi wa Kibaniani.

Alielewa kwamba ni kitabu cha kuikomboa roho na kuikata na fungamano lake na mwili. Habari zake ni za nafsi, za kuuzuia moyo usitangetange, za kuzaliwa upya baada ya kufa, na za ukombozi. Mikao ya mwili haina uzito humo, na kosa si la al-Biruni. Asili yenyewe ina sentensi 195 au 196 kwa hesabu ya nuskha, na zinazozungumzia mkao waziwazi ni tatu tu. Zinasema maana yake kwamba mkao uwe thabiti na usiotaabisha, basi. Mkao ni daraja ya tatu katika daraja nane, na kazi yake ni kumwezesha mtu kuketi muda mrefu bila ya mwili kumsumbua. Sherehe ya kale inataja takriban mikao dazeni moja, na karibu yote ni ya kukaa kitako. Mtu aliyeleta leo hoja kwamba kila kujipinda kwa yoga kumo katika kitabu hicho cha kale hajakisoma.

Lakini historia haikuishia kwa Patanjali, na hapa ndipo tunapoanza kusimamisha kalamu ya Singleton, au tuseme kalamu ya wanaomnukuu. Baada ya al-Biruni lilikuja tapo la hatha, ambalo liliupa mwili nafasi kubwa zaidi. Kitabu chake mashuhuri, *Hathapradipika* cha karne ya 15, kinafundisha mikao 15, na *Gheranda Samhita*, kinachokisiwa kuwa cha mwaka 1700 hivi, kinafundisha 32. Humo si kukaa kitako tu. Upo mkao wa tausi, ambapo mtu husimamia viganja vyake huku mwili umenyooka hewani, na mkao huo umetajwa katika maandishi ya kale zaidi kuliko *Hathapradipika*.

Na shahidi mzuri kuliko wote katika jambo hili ni Muislamu. Sheikh Muhammad Ghawth wa Gwalior, wa tariqa ya Shattariyya, aliyefariki mwaka 970 Hijria (1563), alikifasiri kwa Kifarsi kitabu cha yoga na kukiita *Bahr al-Hayat*. Iko nuskha yake iliyotengenezwa Allahabad mwanzoni mwa karne ya 17 kwa ajili ya mwanamfalme Salim, ambaye baadaye alikuwa Sultani Jahangir. Nuskha hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin. Ina michoro 21 ya yogi katika mikao mbalimbali, na wataalamu wanaihesabu kuwa ya mwanzo inayojulikana kuonyesha mikao ya yoga kwa mfululizo katika kitabu. Basi miaka 300 kabla ya Sandow kushuka melini Bombay, tayari palikuwapo mtu wa Kiislamu aliyeona mikao hii inastahili sura nzima na michoro.

Yafaa kusema kwa pembeni kwamba huyu Muhammad Ghawth alitolewa fatwa kali huko Gujarat. Sheikh Ali al-Muttaqi, mwenye *Kanz al-Ummal*, alikuwa miongoni mwa waliomshambulia, na Sheikh Wajihuddin Alawi akamtetea. Lakini ugomvi huo ulihusu madai yake ya kupaa mbinguni. Si mikao iliyompeleka mahakamani. Wanachuoni wale walikuwa wakiishi na mayogi mlango kwa mlango, na walijua vizuri lipi la kugombewa.

Tena, utafiti uliofuata baada ya 2010 umeisogeza hoja ya kitabu. Singleton mwenyewe, akiwa na James Mallinson, alitoa *Roots of Yoga* mwaka 2017, mkusanyiko wa maandiko ya kale ambao unaonyesha kwamba karne za 16 hadi 18 zilizaa mikao mingi kuliko ilivyodhaniwa. Kisha Jason Birch na Singleton wakachapisha mwaka 2019 utafiti wao juu ya kitabu cha Kisanskriti cha karne ya 18, *Hathabhyasapaddhati*, chenye mikao 112. Ndani yake mna mikao ya kutembeza mwili, ya kurudiarudia, na hata ya kupanda kamba, na imepangwa kwa makundi. Na kuna uhusiano kati ya kitabu hicho na *Sritattvanidhi*, kitabu chenye michoro ya mikao 122 kilichoandaliwa katika jumba lile lile la Mysore katika karne ya 19, ambacho N.E. Sjoman alikwisha kukitoa mwaka 1996. Yaani Krishnamacharya alipokuwa akifundisha vijana mwaka 1933, maktaba ya mwajiri wake ilikuwa na mikao mingi ya kumtosha, bila ya kwenda Denmark.

Hatusemi kwamba hoja ya Singleton imeanguka. Kwamba mkao umekuwa ndio yoga yote, kwamba unafanywa kwa makundi, kwa jina la afya, wake kwa waume, wakifuata sauti ya mwalimu, hayo kweli ni ya karne ya 20. Ila kufanana hakuthibitishi kunakili, na yeye mwenyewe alijihadhari asiseme kwamba Krishnamacharya alimwibia Bukh. Mwili wa mwanadamu una maungo yale yale na hujikunja kwa njia zenye hesabu. Waliokichukua kitabu chake na kutangaza kwamba "yoga ni jimnastiki ya Wazungu, haina uhusiano na dini yoyote" wamemsingizia. Kitabu hakikusema hivyo hata mara moja.

Sasa turudi kwa mafaqihi. Fatwa mbili ndizo zilizosikika zaidi. Mwezi Novemba 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilitangaza kwamba yoga inayokusanya mambo matatu, yaani harakati za mwili, ibada na maneno ya kukariri, ni haramu kwa Waislamu. Siku chache baadaye Waziri Mkuu Abdullah Badawi akasema kwamba wanaofanya mazoezi ya mwili tu, bila ya maneno hayo, waendelee. Na Sultani wa Selangor akalalamika kwamba watawala hawakushauriwa kabla ya tangazo. Miezi miwili baadaye, Januari 2009, Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikutana Padang Panjang, Sumatra Magharibi, likapambanua zaidi: yoga yenye ibada na matamko ya Kihindu ni haramu, na iliyo mazoezi matupu ni mubaha.

Ya Indonesia ndiyo tunayoiona imesimama vizuri zaidi kihistoria, kwa sababu haikuuhukumu mkao peke yake. Mkao katika vitabu vyao wenyewe ni chombo. Haukuwa ibada kwa dhati yake hata kwa Patanjali, sembuse kwa mwalimu wa mazoezi wa Jakarta. Na chombo hufuata hukumu ya kinachobebwa.

Hata hivyo mwenye kuharamisha ana hoja yenye nguvu, na haifai kuipita kwa haraka. Imepokewa katika *Sahih Muslim*, katika hadithi ya Amr bin Abasa, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuswali wakati jua linapochomoza, akataja kuwa huo ndio wakati makafiri wanapolisujudia. Ibn Taymiyya katika *Iqtida' al-Sirat al-Mustaqim* ameitumia hadithi hii vizuri: mwenye kuswali hapo hamkusudii ila Allah, wala hajui kwamba kuna mtu mahali fulani analisujudia jua, na bado amekatazwa. Maana yake nia safi haitoshi kila mara, na sura ya kitendo nayo ina hukumu. Anayesema "mimi nanyoosha viungo tu, nia yangu naijua" bado hajaijibu hadithi hii.

Jibu lake, kwa tuonavyo, liko ndani ya hadithi yenyewe. Kilichokatazwa ni kitendo ambacho asili yake ni ibada, nacho ni sijda na swala, kikiangukia katika wakati wa ibada ya wengine. Kuinama kuokota kitu wakati jua linachomoza hakukukatazwa na yeyote. Kwa kipimo hiki mikao haiko daraja moja. Mkao wa pembetatu, wa ngamia, wa daraja, hii haina sura ya kumtukuza yeyote. Lakini ule mfululizo uitwao *surya namaskar*, kwa maana ya maamkizi ya jua, ni habari nyingine. Mfululizo huu ulivyo leo ulienezwa katika miaka ya 1920 na Raja wa Aundh kama mazoezi ya afya, na Singleton ametueleza vizuri kwamba zama zile haukuhesabiwa na wengi kuwa yoga kabisa. Ila jina lake linasema, na baadhi ya wanaoufanya huelekea mashariki alfajiri wakilitaja jua kwa majina yake. Hadithi ya Amr bin Abasa inagusa hapa karibu herufi kwa herufi. Mwaka 2015 Bodi ya Sheria za Kiislamu ya India ilipinga mfululizo huu, na serikali ikauondoa katika ratiba ya Siku ya Kimataifa ya Yoga ya tarehe 21 Juni, siku iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014 kwa kuungwa mkono na nchi 177, na ambayo tangu hapo balozi za India huiadhimisha katika miji mingi, ya kwetu ikiwemo. Walioipinga walichagua vizuri mahali pa kusimama.

Ama hoja ya kujifananisha na wasio Waislamu, hii huendeshwa ovyo mno. Ibn Hajar katika *Fath al-Bari*, alipofika kwenye habari ya taylasani ambazo ziliwahi kuwa alama ya Mayahudi, alisema maana yake kwamba alama hiyo imeondoka katika zama zake, hivyo vazi limeingia katika mubaha. Kitu kikienea hadi hakimtambulishi tena mwenye dini fulani, sababu ya katazo imeondoka. Je, mtu akionekana amesimama kwa mguu mmoja katika ukumbi wa mazoezi Nairobi au Dar es Salaam, anayemwona humdhania kuwa Baniani? Wala majina hayatoshi kuharamisha. Ni kweli Virabhadra na Hanuman ni majina ya waabudiwa wao, na mikao imeitwa kwayo. Lakini Januari na Machi nayo ni majina ya miungu ya Kirumi, na kalenda za misikiti yetu zimejaa Januari na Machi. Kuyaacha majina hayo darasani ni bora, na si vigumu. Mwaka 2021 jimbo la Alabama, Marekani, ambalo tangu 1993 lilikuwa limeikataza yoga katika skuli za serikali kwa hofu za Wakristo, liliruhusu mikao kwa sharti majina yawe ya Kiingereza na pasiwe na matamko ya kukariri. Wabunge wale hawakusoma usuli, lakini wamefika karibu na walipofika maulamaa wa Padang Panjang.

Upande wa pili kuna watetezi wanaotuaibisha. Ashraf Nizami aliandika katika miaka ya 1970 kitabu kizima kuonyesha kwamba swala ni yoga ya Uislamu, na wengi wamekariri hoja yake: rukuu inafanana na mkao fulani, kikao cha tahiyatu na mkao fulani. Haya ni madhara yale yale ya kudhani kwamba sura ya mwili ndiyo kila kitu. Rukuu haikuwa ibada kwa sababu inanyoosha mgongo. Ni ibada kwa sababu imeamrishwa, ina nia, dhikri, kibla na wakati wake. Ukimwambia mtu kwamba swala ni mazoezi mazuri ya mgongo, siku atakayopata mazoezi bora zaidi utamwambia nini?

Dosari kubwa tunayoiona, katika kitabu na katika fatwa pia, ni kwamba macho ya wote yameganda kwenye mkao. Singleton ana udhuru wake, kwani ndiyo maudhui aliyoichagua, na ameeleza vizuri namna picha za kamera zilivyoufanya mkao uonekane kuwa ndio yoga. Kamera hainasi kinachopita moyoni. Lakini faqihi anashughulika na hicho hasa. Patanjali aliuweka mkao daraja ya tatu. Baada yake ni pumzi, kisha kuzifunga hisia, kisha kuukaza moyo mahali pamoja, kisha taamuli, kisha kuzama. Iyengar mwenyewe, ambaye kitabu chake *Light on Yoga* cha 1966 kina mikao 200 na mamia ya picha, ameeleza katika utangulizi wake kwamba mikao ni njia ya kumwendea Mungu kwa mafunzo ya imani yake, na wanafunzi wake hufungua darasa kwa sala ya Kisanskriti ya kumtukuza Patanjali. Anayezichukua picha na kuuruka utangulizi amefanya jambo linalowezekana, na huenda ni halali yake. Lakini ajue kwamba ameuruka.

Karibu kila darasa humalizika kwa mkao uitwao wa maiti. Mtu hulala chali, mikono kando, macho yamefumbwa, dakika tano au kumi. Kwa mwili ni mkao mwepesi kuliko yote, hata mgonjwa anauweza, na hakuna fatwa itakayoharamisha kulala chali. Lakini hapo ndipo mwalimu anapozungumza na watu wamelegea, akili zimefunguka. Mwalimu mmoja atasema "pumueni taratibu, legezeni mabega". Mwingine atasema "jioneni mnayeyuka na kuwa kitu kimoja na ulimwengu, hakuna wewe wala yeye". Baraza la Malaysia liliogopa maneno ya kukariri, na la Indonesia likaogopa ibada na matamko. Maneno haya ya mwisho hayakaririwi na yeyote, hutamkwa na mwalimu peke yake, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili chepesi. Ndani yake mna itikadi ya wahdatul wujud iliyogombewa na wanachuoni kwa karne nyingi, na mikutano yote miwili ilikwisha bila ya kuyaulizia.